Kabla mguu haujakatwa

Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza kupandikiza figo, kazi isiyofanyika bila mkono hodari wa kuunga mishipa ya damu. Hata hivyo, upo ugonjwa ambao mkono huo mara nyingi hauoni pa kushona.

Ni ugonjwa wa Buerger. Mishipa midogo ya miguu na mikono huvimba kwa ndani, damu ikaganda na kuziba njia. Huwapata zaidi wanaume watumiaji wa tumbaku, wengi wao chini ya miaka 45. Unyayo huuma wakitembea, kisha vidole hupoa, usingizi hukatika kwa maumivu, kidonda hakifungi, na mwisho kidole huwa cheusi. Leo Buerger, daktari wa New York, aliueleza mwaka 1908 baada ya kuchunguza miguu iliyokwisha kukatwa.

Ili kuipitisha damu kando ya kizibo, daktari anahitaji mshipa mzima upande wa pili, na kwa wagonjwa hawa aghalabu haupo. Kukata neva zinazoibana mishipa huwapunguzia baadhi yao maumivu, lakini hakuzibui kitu.

Kinachouzuia ugonjwa ni kuacha tumbaku kabisa. Anayeacha mapema, kabla nyama haijaoza, mara nyingi hubaki na mguu wake. Anayeendelea huenda akakatwa kidole, arudi kukatwa unyayo, kisha chini ya goti. Kupunguza hakutoshi, na kuhamia ugoro si kuacha.

Kwa hiyo ni kosa kumruhusu mgonjwa wa namna hii atoke wodini na neno moja tu, “acha sigara”. Uraibu ni maradhi. Kila kliniki ya upasuaji Dodoma na Singida iwe na muuguzi aliyefunzwa kumsaidia mgonjwa kuacha, na amfuatilie kwa simu miezi kadhaa.

Zahanati nazo zisingoje kidonda. Kijana mvutaji anayelalamikia unyayo avuliwe viatu vyote viwili, apapaswe kwa vidole viwili juu ya unyayo, kisha nyuma ya kifundo. Mapigo yakikosekana, apewe rufaa siku hiyohiyo.

Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, ilhali sigara mojamoja bado zinauzwa vibandani. Halmashauri zinazotoa leseni za biashara zianze ukaguzi hapo.