Akiba Isiyokaa Ukutani

Imeenea itikadi miongoni mwa wenye kujenga, na baadhi yao ni watu wa akili na maarifa, ya kwamba akiba katika kazi ya lipu hupatikana kwa kumbana fundi: waitwe mafundi watano, washindanishwe kwa bei, achaguliwe aliyetaja ndogo kuliko wenziwe, kisha naye apunguzwe tena kabla hajashika mwiko. Mwenye nyumba aliyefanya hivyo hujiona amefaidi, na akiulizwa hujibu kwa methali, kwamba haba na haba hujaza kibaba. Itikadi hiyo ni batili, na anayeifuata hulipa mara mbili kitu ambacho angekilipia mara moja.

Lipu ni kazi yenye kusitiri aibu yake. Mlango uliopinda hujidhihirisha siku ile ile unapotiwa, bali lipu mbovu na lipu njema, zikiwa bado mbichi, hupendeza sawasawa. Fundi aliyekubali, kwa shida zake, kandarasi ya kazi na vifaa kwa ujira usiomtosha chakula, hana pa kujifidia ila katika saruji, maji na wakati. Palipostahili karai moja ya saruji kwa nne za mchanga, atachanganya moja kwa saba. Udongo uliokorogwa asubuhi, ambao umekwisha anza kushikana, atauzimua kwa maji mchana na kuubandika. Ukuta mkavu hataulowesha kabla ya kuupiga lipu. Na akishamaliza, hatarudi kuumwagilia kwa siku saba zinazofuata, madhali kila siku ya kurudi ni siku isiyo na malipo. Nani basi aliyeiondoa saruji ukutani, ikiwa si yule aliyeikata bei?

Haya niliyasadiki kwa hasara yangu mwenyewe. Nilipokuwa nikimalizia vyumba viwili vya nyumba yangu Tanga, si mbali na bahari, nilimkataa fundi wa bei ya wastani, nikampa kazi aliyekuwa rahisi kuliko wote, wala sikuuliza mchanga wake ulichotwa wapi. Ulichotwa ufukweni, nao haukuoshwa. Masika yalipopita, kuta zilitoa unga mweupe wa chumvi na rangi ikabambuka vipande vipande. Nikamwita mwashi mmoja mzee, tukaamkiana, naye pasipo kusema neno akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole: ukalia kama debe tupu. Akachukua ufunguo wangu, akaukwaruza ukuta kidogo, na mchanga ukamiminika kiganjani mwangu mkavu kama wa njiani. "Ukuta huu, mwanangu," akasema, "ulinyimwa maji tangu siku ya kwanza." Ikanibidi nilipe kubomoa, nilipe kuzoa kifusi, kisha nilipe lipu upya.

Watasema wengine kwamba maneno haya ni ya wenye mali, na kwamba mnyonge hana budi kutafuta rahisi. Nakiri kuwa bei kubwa si dhamana ya ustadi, na mafundi ghali wenye hadaa wapo. Walakini mnyonge ndiye asiyeweza kabisa kulipa mara mbili, na kwake yeye hasa yafaa kujua akiba ya kweli iko wapi. Iko kwenye timazi. Ukuta wa mita za mraba 100 uliojengwa wima, ukipigwa lipu ya milimita 12, hula mita za ujazo 1.2 za mchanganyiko. Ukuta wa ukubwa huo huo uliopinda, hata ikalazimu kuunyoosha kwa lipu ya milimita 25, hula 2.5. Kwa mchanganyiko wa moja kwa nne, kila mita ya ujazo hutaka mifuko saba hadi minane ya kilo 50. Basi tofauti yake ni mifuko kama kumi, iliyopotea kwa sababu mwashi aliyeujenga ukuta huo naye alibanwa.

Aidha, mabomba na nyaya vitangulie kabla ya lipu, ili ukuta usije ukachimbwa tena. Mchanga uwe wa mto, nao uchekechwe. Arubuni iwe ndogo, malipo yafuate mita zilizopimwa, na fungu la mwisho libaki mkononi mpaka siku za kumwagilia zitimie na kila ukuta ugongwe mbele ya mwenyewe na fundi wake. Mambo haya hayamdhulumu mtu, na mengi yake hayagharimu ila subira.

Ama methali ile, wanaoitumia hivi wameigeuza: haba hujaza kibaba inapotiwa, nao wanaichota. Yule mwashi mzee nilimlipa alichotaka, akaja asubuhi saba mfululizo na ndoo yake. Anayekusudia kumwita fundi kesho, na alianze neno lake kwa swali hili: ukuta wangu utaumwagilia siku ngapi?