Ruhusa kwa Kadiri ya Kazi

Vyama vingi vya akina mama siku hizi hupokea barua za wanachama kwa barua pepe, na barua hizo huwekwa katika hifadhi moja ya mtandaoni inayotumiwa na kamati nzima. Humo mna maombi ya karo, vyeti vya hospitali, pengine hata mashtaka ya mke juu ya mumewe. Wasomaji wetu watukufu, yafaa tujiulize: ni nani anayeifungua hifadhi hiyo?

Mazoea ni kugawiana neno moja la siri. Hivyo ni sawa na kumpa kila mgeni wa sebuleni ufunguo wa kabati la chumbani. Mwaka 1975, wataalamu wa Marekani Jerome Saltzer na Michael Schroeder walieleza kanuni iliyo kinyume cha mazoea hayo: kila mtumiaji apewe ruhusa ndogo kabisa inayoitosha kazi yake.

Programu ya Lotus Notes, iliyotoka mwaka 1989, yaonyesha namna ya kuitekeleza. Ina ngazi saba: asiyeruhusiwa kabisa; atiaye barua asizione zilizomo; asomaye tu; aandikaye na kurekebisha zake; arekebishaye za wote; apangaye muundo wa hifadhi; na msimamizi. Asiyetajwa jina naye huwekewa ngazi yake, na iliyo salama ni ile ya kwanza.

Basi tuanzie chini, tuongeze kwa haja. Mweka hazina asome maombi ya fedha pekee, katibu ajibu, wasimamizi wawe wawili, mmoja asafiripo kazi isisimame. Kila mmoja aingie kwa jina lake na neno lake la siri, na atokaye katika kamati afutwe siku hiyo hiyo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 haichukulii jambo hili kwa wepesi: taarifa za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, mwenye kuzishika hutakiwa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72.

Wako watakaoona kwamba kunyimwa ruhusa ni kutuhumiwa. Sivyo. Siri ya mwenzetu itokapo nje, asiyekuwa na ufunguo hanyooshewi kidole. Mipaka hii humsitiri aliyeandika barua, na humsitiri pia yule asiyepaswa kuisoma.