Saa Kongwe na Karani Wake

Mwanafunzi wa fizikia huambiwa kwamba mchapuko wa kitu kinachoanguka ni mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, naye huikariri tarakimu hiyo bila kuuliza ilipimwa wapi. Samuye, wilayani Shinyanga, iko karibu na Ikweta, tena zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu hizo mbili mvutano wa dunia hupungua huko hata kufikia 9.78 hivi, ilhali London ni 9.81. Pendulamu ya mita 1 ikibembea Samuye huchelewa kama milisekunde 3, kwenda na kurudi, kuliko ile ya London.

Tofauti hiyo haishikiki kwa saa ya mkononi. Mabembeo 50 huikuza hadi sehemu 15 za mia za sekunde, na kidole cha binadamu huweza kukosea kiasi hichohicho. Hata hivyo jambo lenyewe si geni katika nchi hizi: Wajerumani walileta msafara wa pendulamu Afrika Mashariki mwaka 1899, na mwaka 1936 Edward Bullard alichapisha vipimo vyake vya mvutano wa eneo hilihili.

Kwa hiyo kipima-muda cha umeme chenye mwali wa taa, kinachohesabu milisekunde, hakistahili kutupwa stoo eti kwa kuwa kompyuta imefika. Wala si busara kuiachia kompyuta kazi ya saa. Kompyuta hutumikia shughuli nyingi kwa zamu. Ishara inaweza kubisha hodi ikangojeshwa milisekunde kadhaa, yaani tofauti yote inayotafutwa! Kifaa kikongwe kiendelee kupima, kompyuta iwe karani wa kuandika. Tahadhari moja ni ya lazima: volti za kifaa zisifike moja kwa moja kwenye kompyuta, bali katikati pawekwe kiungo kinachopitisha ishara kwa mwanga tu.

Faida ya karani huyo ni kwamba huandika kila bembeo peke yake. Pendulamu ikianza kwa pembe ya nyuzi 10, muda wake huongezeka kwa karibu milisekunde 4, kisha hupungua kidogo kidogo kadiri kubembea kunavyofifia. Anayejumlisha mabembeo 50 kwa saa ya mkononi hauoni mteremko huo. Aweza hata kupata thamani iliyo chini ya ile ya kweli na kufurahi, kumbe sehemu ya alichopima ni ukubwa wa pembe aliyoanzia. Mwenye orodha ya kila bembeo atauona, na atajua asubiri mpaka pembe iwe ndogo.

Unabaki uzi, ambao kompyuta haiupimi. Urefu huhesabiwa toka kwenye kining'inio hadi katikati ya gololi, na kosa la milimita 3 kwa rula latosha kufuta tofauti yote kati ya Samuye na London.