Mnyoo wa Milimita Moja Aliyeniaibisha

Muhula uliopita nilisimama kwenye gwaride la asubuhi nikatangaza, kifua mbele, kwamba tumempata mnyoo bapa aitwaye Macrostomum lignano katika mchanga wa ufuo wetu. Mlinipigia makofi hadi nikajiona profesa. Leo ninayarudisha makofi yenu, maana niliwadanganya, ingawa sikukusudia.

Mambo yalikuwa hivi. Bahari ilipokupwa tulichota mchanga, tukaumwagia maji baridi yaliyotiwa takriban gramu 75 za magnesi kloraidi kwa kila lita, ili minyoo ilegee na kuziachilia chembe za mchanga. Baada ya dakika kumi tukakoroga, tukayachuja yale maji upesi. Watafiti hutumia chekecheke la matundu ya mikromita 63. Sisi tulitumia kitambaa cha nailoni, na msicheke. Chini ya hadubini, huyo hapo! Mwili kama kioo, macho mawili meusi, anateleza kama mwanafunzi aliyesikia kengele ya chakula. Nikafungua kitabu, nikaona picha ya macho mawili. Basi, jina likapatikana!

La hasha! Mnyoo mwenye jina hilo alielezwa na wanasayansi mwaka 2005, kutoka mchanga wa Lignano, Italia. Huenda ana jamaa zake huku kwetu, lakini jamaa si yeye mwenyewe. Macho mawili wanayo wengi.

Kisha kuna huo urefu. Mimi nilipata milimita 1.2, mwenzangu akapata 0.8, na mnyoo ni yule yule! Tuligombana karibu tuvunjiane daftari. Kumbe mnyoo huyu hujinyoosha na kujikunja apendavyo, kwa hivyo sote wawili tulikuwa sawa na sote tulikosea. Wanaomchunguza yule wa Italia humbana taratibu kati ya vioo viwili, unene ubaki mikromita 35, kisha hupima eneo la mwili badala ya urefu.

Na jina je? Waama, jina limo mkiani. Minyoo hawa ni huntha, yaani kila mmoja ni dume na pia jike, na upande wa mkia wana kisindano kigumu cha uzazi. Kisindano hakinyooki wala hakikunjiki. Umbo lake na vipimo vyake ndivyo husaidia kutenganisha spishi na spishi. Mnyoo mchanga hata hana, kwa hivyo huyo mwache akue kwanza.

Najua wapo watakaosema, "Wewe, haya yatakuja kwenye mtihani?" Pengine hayatakuja. Lakini mimi naona ni vibaya mno chama cha wanafunzi kubandika jina ukutani kwa sababu tu linapendeza kutamka. Mdogo wetu wa Kidato cha Kwanza atalinakili, naye atamfundisha mwingine, na kosa langu litaishi shuleni kuniliko.

Kwa hivyo walimu wetu wapendwa, tunaomba kabati la hadubini lifunguliwe kila Ijumaa jioni, pamoja na kile kioo chenye mistari ya kupimia. Kwa lenzi ya 40, kila mstari wetu ni mikromita 2.5, hilo tumeshalihakikisha.

Kibandiko cha chupa nimekibadilisha. Sasa kinasema: "Mnyoo bapa. Ufuo wetu, maji kupwa. Kisindano hakijapimwa."