Bavuma hakubebwa, yeye ndiye aliyebeba

Wenzangu mnaochukua bidhaa Kikuubo, Kampala, mnaijua adha ya kuingia duka la jumla siku ya kriketi. Mwenye duka anakupimia kitambaa huku macho yake yako kwenye televisheni. Jumamosi ya Juni 14, 2025 nami nilikuwa katika duka moja la huko, nimefuata madaftari. Afrika Kusini ilikuwa inamalizana na Australia huko London, uwanja wa Lord's, katika fainali ya ubingwa wa dunia wa mechi za testi, yaani zile za siku tano.

Nahodha wa Afrika Kusini, Temba Bavuma, alipotolewa na kuondoka akichechemea, kijana mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni akasema kwa sauti: "Huyo miaka yote anabebwa kwa rangi yake." Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza, nikalipa, nikaondoka. Leo najibu.

Kwanza nikiri kwamba sisi mashabiki tuna haki ya kuhoji uteuzi wa timu, na hata mimi nilihoji. Sikuelewa kwa nini Wiaan Mulder apange foleni namba tatu kwenye upigaji. Zamu ya kwanza akatoa mikimbio 6 tu. Sikuelewa pia kwa nini Lungi Ngidi apangwe na Dane Paterson aachwe, wakati Paterson alikuwa amewang'oa Wapakistani wiketi 5 katika zamu moja huko Centurion mwezi Desemba 2024. Ngidi naye zamu ya kwanza akatoka mikono mitupu. Australia ikapata 212, Afrika Kusini 138. Nani angesema wateuzi hawakukosea?

Siku ya pili nikaanza kuyameza maneno yangu. Ngidi alirudi na kuchukua wiketi 3, mojawapo ya Steve Smith, na Australia ikaishia 207. Siku ya tatu Mulder akatuliza mambo kwa mikimbio 27 akiwa na Aiden Markram. Hii ndiyo faida ya mechi ya testi: inampa mtu zamu ya pili, na inamsuta shabiki aliyehukumu mapema.

Sasa tuje kwa Bavuma. Aliingia wiketi 2 zikiwa zimeanguka kwa mikimbio 70, lengo likiwa 282. Alipokuwa na mikimbio 2, Smith aliudondosha mpira wake na kuumia kidole. Hiyo ilikuwa bahati, tusiifiche. Halafu msuli wa nyuma ya paja ukamkaza. Kwenye mapumziko ya chai walijadili kama aendelee, naye akaendelea, akikimbia kwa mguu mmoja na nusu. Yeye na Markram waliongeza mikimbio 147. Markram akafika 136, Bavuma 66, na Afrika Kusini ikashinda kwa wiketi 5. Lilikuwa kombe lao kubwa la kwanza tangu mwaka 1998. Huyo ndiye tunayeambiwa anabebwa?

Ni kweli kwamba mwaka 2016 chama cha kriketi cha Afrika Kusini kiliweka lengo la wastani wa wachezaji sita wasio weupe katika timu, angalau wawili wakiwa Waafrika weusi. Wengi huanzia hapo, kana kwamba mgao ulizaliwa mwaka huo. Wanamsahau Basil D'Oliveira wa Cape Town. Kwa sababu ya rangi yake hakuweza kuichezea nchi yake, akahamia Uingereza mwaka 1960 na kuanza kuichezea timu ya huko mwaka 1966. Mwaka 1968 alipoteuliwa katika msafara wa kwenda Afrika Kusini, serikali ya makaburu ilimkataa na ziara ikafutwa. Zama hizo mgao ulikuwa wa weupe kumi na mmoja kati ya kumi na mmoja. Mbona hatusikii kwamba wale walibebwa?

Jambo hili linanigusa. Nilisomea Uganda, mtoto wa wakimbizi, na kriketi niliijulia huko. Mwaka 2009 shule zetu hapa Rwanda zilipoacha Kifaransa na kuanza kufundisha kwa Kiingereza, mimi niliyekuwa na miaka 29 nilikabidhiwa idara ya hisabati. Katika chumba cha walimu ikanong'onwa kwamba nimepewa kiti cha lugha. Iliniuma kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Palikuwa na mzee aliyeijua hisabati kunishinda, ila aliijua kwa Kifaransa. Mlango ulionifungukia mimi ulimfungia yeye. Sikuupiga kufuli mimi, lakini nilipita. Kilichobaki mikononi mwangu kilikuwa kufundisha vizuri, na kumwomba mzee huyo tuandae masomo pamoja. Alikubali baada ya muhula mzima.

Kwa hiyo simkatazi mtu kuhesabu. Bavuma alipofikisha mikimbio mia Januari 2016, Mwafrika mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kufanya hivyo katika testi, alikaa miaka saba kabla ya kuipata mia ya pili Machi 2023. Ni haki kuuliza. Lakini tuhesabu wote kwa kipimo kimoja. Marnus Labuschagne wa Australia alifika Lord's akiwa hajafikisha mia katika testi tangu Julai 2023. Alipata 17 na 22, akaachwa mechi iliyofuata. Walimwita mpigaji aliyepoteza makali. Sikumsikia yeyote akisema alikuwa anabebwa.

Wahenga walisema anayebebwa naye hujikaza. Katika mechi zake 10 za kwanza za testi kama nahodha, Bavuma alishinda 9 na kutoka sare 1. Novemba 2025 huko Kolkata, katika mechi ambayo hakuna mpigaji mwingine wa upande wowote aliyefikisha 50, yeye alipata 55 bila kutolewa, na India ikafungwa kwa mikimbio 30.

Kijana wa Kikuubo, kama gazeti hili limekufikia likiwa limefungiwa bidhaa, soma hesabu hizo kabla hujalitupa. Tukikutana tena kwenye foleni, sitanyamaza.