Mfugaji Hakosi Hesabu

Katika majadiliano ya wanafunzi muhula huu nimesikia tena maneno haya: watu wa kwetu wanapenda ng'ombe kuliko fedha, ndiyo maana hawaendelei. Mimi kwetu ni Mangateen, Juba, ambako wengi walikimbilia baada ya vita vilivyoanza Desemba 2013, na baadhi yao waliacha mifugo yao nyuma. Naomba nafasi niseme ninavyoona.

Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba Sudan Kusini ina ng'ombe zaidi ya milioni 11. Ng'ombe hao ni mahari, ni fidia, ni maziwa ya watoto, tena ni akiba ya siku ya njaa. Mfugaji wa Terekeka akiuza dume leo, fedha ataziweka wapi? Benki iko mbali, na pauni yetu imeshuka sana thamani tangu ilipoachwa ifuate bei ya soko Desemba 2015. Aliyeficha noti sandukuni alipata hasara. Aliyenunua mtamba alipata ndama. Mjinga ni nani hapo?

Tena akitaka kuuza, ng'ombe huswagwa kwa miguu mpaka Juba. Njiani hukonda, na kwenye vizuizi hutozwa ushuru hapa na pale. Ushuru huo hulipwa na watu wawili: mfugaji kwa bei ndogo, na sisi walaji wa Mangateen kwa bei kubwa.

Wengine watasema wafugaji hukataa mambo mapya. Si kweli. Miaka ya 1990, vita vikiendelea, walikubali chanjo ya sotoka yenye kustahimili joto, wakachanjiwa mifugo yao na watu waliowachagua wenyewe. Sotoka ilitangazwa kuwa imetoweka duniani mwaka 2011, mwaka ule ule tuliopata uhuru.

Wako wanaotaka kiwanda kikubwa cha nyama. Lakini Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoanzishwa 1950, kiwanda chake kiko Athi River, mamia ya maili kutoka kwa wafugaji wa Turkana na Marsabit. Safari ndefu hula faida.

Kwa hiyo yafaa tuanze na mambo matatu: njia yenye amani, ushuru mmoja utozwao mara moja kwa stakabadhi, na mizani sokoni, ng'ombe auzwe kwa kilo badala ya kukadiriwa kwa macho. Nanyi wanafunzi wa zamani mlio maofisini, mambo hayo yako mikononi mwenu kuliko mwetu. Kabla ya kumfundisha mfugaji biashara, mfungulieni njia ya sokoni.