Ngoma ya kikundi si mali ya marehemu

Siku ya kuanua matanga huwa na shughuli nyingi. Masufuria ya kuazima yanarudishwa, maturubai yanashushwa, na wageni wanatafuta nauli ya kurudi Magu, Kwimba au Sengerema. Jioni, ndugu wa karibu hukaa chini kuhesabu kile alichoacha marehemu. Hapo ndipo kitu kimoja kilichoegemezwa ukutani kinaweza kuigombanisha familia kwa miaka.

Chukua mfano wa nyumba moja ya Mirongo, jijini Mwanza. Baba wa nyumba alikuwa mpiga ngoma katika kikundi ambacho wenzake wametawanyika Mabatini, Igogo na Buhongwa. Ngoma kubwa ya kikundi, iliyowambwa kwa ngozi ya ng'ombe, ilikuwa zamu yake kukaa nayo. Akafariki ikiwa sebuleni kwake. Ndugu zake wameiona, wameiandika pamoja na baiskeli, redio na kitanda.

"Shemeji, na hii tumeiandika," anasema mdogo wa marehemu.

"Hiyo si yake, shemeji. Ni ya kikundi. Mwezi ujao inakwenda Mabatini."

"Kama ni ya kikundi, mbona imekutwa kwa kaka? Andiko liko wapi?"

Andiko hakuna. Shemeji anaondoka akiamini kwamba mjane anaficha mali ya ukoo. Wanakikundi nao, wakisikia ngoma imeorodheshwa kwenye mirathi, wananong'ona kwamba mama ameamua kuiuza. Mwanamke mmoja aliyefiwa wiki iliyopita anabeba lawama za pande mbili, kwa ajili ya chombo ambacho hakukileta yeye na hajui hata kilinunuliwa kwa kiasi gani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini ngoma izungushwe, isikae mahali pamoja ikafungiwa. Wapiga ngoma wanajua sababu. Ngoma isiyopigwa huharibika. Hewa ya ziwani ina unyevu. Ngozi hulegea na kuota ukungu, na panya wakiipata huitafuna. Inataka mtu wa kuianika kidogo, kuikausha karibu na moto kabla ya kuipiga, na kuona mapema mahali ilipoanza kuachia.

Sababu ya pili ni watoto. Mtoto anayeiona ngoma jukwaani tu hupiga makofi, halafu anarudi nyumbani. Ngoma ikilala kwao mwezi mzima, atajaribu kwa vidole wakati baba hayupo, atakosea, atarekebishwa, na siku moja mkono utakubali. Kikundi kinachofungia ngoma yake stoo kinaokoa ngozi na kupoteza wapigaji.

Kwa Wasukuma, ngoma kuwa ya wengi si jambo geni. Vyama viwili vikubwa vya wachezaji, Wagika na Wagalu, vimeshindana tangu karne ya 19, na hadi leo ushindani huo huwakusanya watu wengi katika sherehe ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, kila mwaka wakati wa Sikukuu ya Ekaristi. Mtu huingia upande mmoja na kuupigania, lakini hakuna anayesema kwamba Wagika ni wake au Wagalu ni wake.

Pale pale Bujora ipo Makumbusho ya Wasukuma, iliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Ndani yake kuna banda la ngoma za watemi. Ngoma hizo zina somo kwa familia ya Mirongo. Mtemi alikuwa na ng'ombe wake, na hao waliweza kugawiwa watu wa nyumba yake. Ngoma za utemi zilikuwa mali ya kiti. Hapo zamani, katika sehemu nyingi za Usukuma, aliyekalia kiti baada ya mtemi alikuwa mtoto wa dada yake, na ngoma zilimfuata huyo. Watoto wa mtemi walikua wakizisikia kila siku, na bado hawakuzihesabu kuwa urithi wao. Serikali ilifuta utemi mwaka 1963, lakini busara ile haina sababu ya kufutika.

Sheria nayo haiko mbali na mila hiyo. Msimamizi wa mirathi anayeteuliwa na mahakama hukusanya mali ya marehemu, hulipa madeni yake na kugawa kinachobaki kwa warithi. Kitu alichowekewa marehemu na wengine ni amana. Kinarudi kwa wenyewe. Tatizo huwa ni kuthibitisha. Mahakamani karatasi husaidia, na mashahidi pia husaidia, lakini ni vizuri zaidi jambo lisifike huko.

Kinga yake ni ndogo, na kina mama wa mitaani wanaijua tayari. Masufuria ya kikundi cha misiba huandikwa kwa rangi herufi za kikundi, na kuna daftari la nani kachukua nini. Kwa nini ngoma isifanyiwe hivyo? Jina la kikundi lichongwe au lichomwe kwenye mti wake, mahali ambapo mtu hawezi kulifuta kwa msasa bila kuonekana. Kila inapohama, daftari lionyeshe tarehe, hali ya ngozi, jina la anayekabidhi na la anayepokea.

Liongezwe jambo moja linalosahaulika: mke, mume au mtoto mkubwa wa nyumba inayopokea naye atie saini. Wanaume wengi huingiza chombo cha kikundi nyumbani bila kusema neno. Wakiulizwa, hujibu, "Haya mambo yetu ya ngoma, wewe hayakuhusu." Siku akiondoka duniani, ni huyo asiyehusika atakayetakiwa kujibu maswali yote.

Matengenezo nayo yapatane mapema. Ngozi ikipasuka katika kupiga, kikundi kiiwambe upya kwa fedha za kikundi. Aliyeiacha mvuani, au aliyeikodisha harusini kwa siri, ailipie mwenyewe. Bila makubaliano hayo, mwenye zamu ya mwisho huonewa kwa uchakavu wa wote waliomtangulia.

Na msiba ukitokea, kikundi kisisubiri hadi ngoma iandikwe kwenye orodha. Wala kisiende usiku na bodaboda kuibeba, kama kwamba kinaiba. Baada ya mazishi, wazee wawili waende na daftari, wamtafute mkubwa wa ukoo, waeleze kwa upole mbele ya mjane na mwenyekiti wa mtaa. Ndugu wengi wanaogombea ngoma hawaigombei kwa tamaa. Wanatafuta kitu chenye mkono wa ndugu yao, na ngoma imekaa pale mbele yao. Wakijulishwa vizuri, wataelewa.

Wasiondoke mikono mitupu. Fimbo alizokuwa akipigia marehemu ni zake, ziachwe nyumbani. Na kama ana kijana au binti ambaye mkono wake umeshaanza kukubali, kikundi kimuulize kama angependa kuchukua zamu ya baba yake. Kitu ambacho mpiga ngoma anaweza kumwachia mwanawe ni zamu, na zamu hiyo haipunguzi haki ya mwingine yeyote.

Turudi kwenye nyumba ile ya Mirongo. Wazee wakija na maneno hayo, shemeji anaweza kuifuta ngoma kwenye orodha kwa mkono wake mwenyewe. Mjane anatia saini kwamba ameikabidhi ikiwa nzima. Kabla haijapakiwa kwenda Mabatini, mtoto anaombwa aipige kidogo pale uani. Akipiga vibaya, watamrekebisha. Mwaka hautapita kabla ngoma haijarudi kulala kwao.